Dhambi za Kuazima

Mimi kazi yangu ni kuongea. Shule niliiacha kidato cha pili nikaenda kuchimba dhahabu, na kule kwenye duara, ndilo shimo la wachimbaji, wenzangu wakagundua mapema kwamba mikono yangu haina faida. Wakaniweka juu ya shimo niwachekeshe wanaovuta kamba. Kutoka pale nikawa emsii wa harusi, sendofu za kuaga mabinti, kipaimara, na misiba miwili mitatu ambayo wafiwa walijuta kuniita. Kwa hiyo nikisema kuna kipindi nilishindwa kutamka "karibuni" kwenye maiki, watu wa Kahama watafikiri naanza kichekesho. Sianzi.

Yalianzia kwenye sendofu moja hapa Nyasubi. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na watu walikuwa wamezoea kuongea huku wanaangalia nyuma. Mimi nikashika maiki nikasema kadi za sherehe hii ni kama kura za siku hizi, hata usipokuja umeshahesabiwa. Ukumbi ukacheka kidogo, halafu ukaacha kucheka wote kwa pamoja, kama umeme umekatika. Rafiki yangu mwenye muziki, niliyefanya naye kazi tangu spika zake zikiwa za kuunga na misumari, akaweka wimbo haraka bila kuuliza. Asubuhi yake tulichukuliwa wote wawili. Mimi kwa sababu ya maneno, yeye kwa sababu spika ni zake.

Waliotuchukua hawakujitambulisha, kwa hiyo na mimi siwezi kuwatambulisha. Walitupeleka kwenye nyumba yenye ukuta mrefu, kila mtu na chumba chake. Mimi nilitoka kesho yake. Rafiki yangu alikaa mpaka mvua zikaanza.

Sasa mtaa una akili yake. Wawili wameingia, mmoja katoka kesho yake na kitambi chake vilevile. Huyo katoka na nini? Kataja watu. Hakuna aliyeniambia usoni, ila nikifika kwenye jumuiya yetu ya Jumamosi, wanakuwa wanashirikishana neno la Mungu kwa machozi, nikikaa tu linageuka mazungumzo ya mbolea. Mzee mmoja aliyekuwa anaombea nchi aliniona mlangoni akamalizia kwa kuombea mifugo. Nilitamani kucheka. Mifugo yenyewe hana.

Mke wangu alivumilia, halafu akauliza.

"Baba watoto, kule ulisema nini?"

"Sikusema kitu."

"Wakakuachia bure?"

"Labda wamependa sura yangu."

Hakucheka. Huyu mwanamke alinipenda kwa sababu ya utani, sijui kama nimeshasema. Siku utani wangu unapogonga kwake na kurudi kama mpira ukutani, najua hali si nzuri.

Na kwenye maiki ndiyo ilikuwa aibu ya wazi. Kazi ya kwanza baada ya pale ilikuwa kipaimara. Nikasimama, nikasema "Mabibi na," na mabwana hawakuja. Nikajaribu tena. Jasho likanitoka mgongoni mpaka suti ikabadilika rangi. Shangazi wa mtoto akaninyang'anya maiki, akasherehesha mwenyewe, na kusema kweli alifanya vizuri, jambo lililoniuma zaidi. Mke wangu akanipeleka hospitali ya Kolandoto. Wakapima, malaria hakuna, presha inafaa hata kukopesha. Daktari akasema kwa upole, "Mzee, una mawazo. Tafuta mtu wa kuongea naye."

Mke wangu akamjibu, "Huyu? Huyu anahitaji mtu wa kunyamaza naye."

Basi nikaenda kwa paroko wetu. Huyu padri alisoma ng'ambo mambo ya nafsi za watu, na siku za katikati ya wiki alikuwa anakaa ofisini kusikiliza yeyote mwenye mzigo. Nilimkuta na viti viwili, chake na cha mgeni, vimegeuzwa upande ili msitazamane. Nikamuuliza kwa nini. Akasema kule alikosoma kuna waganga wanaotibu kwa mazungumzo. Mgonjwa analala kwenye kochi, mganga anakaa nyuma yake, na mgonjwa anasema chochote kinachomjia, hata ndoto, hata upuuzi. Elimu hiyo ina jina refu, alilitaja, likanipita.

"Kwa hiyo ni kitubio chenye godoro," nikasema.

Akacheka mpaka akavua miwani. "Wapo wanaosema hivyo. Tofauti ni kwamba kwenye kitubio unaleta unachojua umekosa. Kwenye kochi unaleta hata usichokijua."

Nikaona hiyo inanifaa, maana mimi nisiyoyajua ni mengi. Nikafungua mdomo nianze. Nje ya dirisha mtu akapita akipiga simu. Nikaufunga.

"Padri, nikisema hapa, yanabaki hapa?"

Padri mwingine angesema ndiyo. Huyu alifikiri. "Nitajitahidi yabaki," akasema. "Lakini sitakudanganya. Ofisini mimi ni mtu tu. Wakija wakanibana sijui nitakuwa shujaa kiasi gani. Kwenye kitubio ni jambo jingine. Yale si yangu, siwezi kuyatoa hata wakinichinja."

Halafu akanisimulia habari ya mwalimu wake, mzee aliyekuwa padri na mganga wa hayo mazungumzo kwa pamoja, katika nchi iliyokuwa chini ya wanajeshi. Alisema wagonjwa wa yule mzee walikuwa wanalala kwenye kochi wakiongea habari za hali ya hewa na mipira, saa nzima, wanalipa, wanaondoka. Utaratibu wote unataka mtu aseme kila kinachomjia, na nchi nzima imeambiwa iache kusema. Akawa anaona watu wanazidi kuumwa mbele yake. Kilichobaki salama kilikuwa kile kisanduku cha kuungamia kanisani.

"Basi twende kwenye kisanduku," nikasema.

"Kule sipigi soga. Kule unaleta dhambi."

"Dhambi nitaleta."

Akanitazama kwa pembeni. Nafikiri alijua ninachopanga, na nafikiri na yeye alikuwa anaogopa ile ofisi yake kuliko alivyosema. Hakunikataza.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kwenda kuungama kila Jumamosi jioni na dhambi moja mkononi kama tiketi ya basi. Naingia, napiga magoti, nasema nimekosa, naonyesha tiketi, halafu naanza kuongea yangu: ninavyoshtuka gari likipunguza mwendo nyumbani, ninavyoota niko ukumbini na watu wote wamefumba midomo kwa viganja. Padri anauliza kitu kidogo, anaacha kimya kinakaa, mimi nakijaza. Mwishoni ananiondolea ile dhambi ya mlangoni na kunipa Salamu Maria zangu.

Tatizo, dhambi zangu za kweli ni za kawaida na ziliisha haraka. Kuku wa jirani nilipokuwa mdogo. Uongo wa biashara. Kumcheka mwalimu wa kwaya, anavyotingisha mikono. Zilipoisha nikaanza kuazima. Nilichukua za majirani, nikachukua za kwenye redio. Jumamosi moja nikaungama kwamba namtamani shemeji yangu, mdogo wake mke wangu.

Padri akauliza, "Mkeo ana mdogo wake?"

"Ndiyo, Padri."

"Mkeo ni mtoto wa pekee. Niliwafungisha ndoa mimi. Mama yake alilia kanisani akisema anatoa kamoja alikonako."

Nikabaki pale nimepiga magoti, magoti yanauma. Mtu mzima, baba wa watoto, nimekamatwa nikimdanganya Mungu kuhusu dhambi nisiyokuwa nayo. Wengine hudanganya ili wapunguziwe.

Na nje kulikuwa na foleni. Kina mama wazee wa rozari wanaungama kwa dakika, wana uzoefu, wanaingia na kutoka. Mimi nakaa humo mpaka mishumaa inafupika. Siku moja natoka nikamsikia mmoja anamnong'oneza mwenzake, na mnong'ono wa bibi asiyesikia vizuri mnaujua ulivyo: "Huyu kaua."

"Hajaua," akajibu mwenzake. "Kauza. Kauza yule kijana wa muziki. Utoe mtu wa watu, umalize kwa Salamu Maria tano?"

Niliwaamkia. "Shikamooni."

"Marahaba, baba," wakajibu wote, kwa adabu, wakisogea nipite mbali nao.

Nitawaambia kitu ambacho sikumwambia hata mke wangu wakati ule. Niliona afadhali wafikiri hivyo. Mtu aliyetaja wenzake kwa kuogopa, watu wanamchukia lakini wanamwelewa. Kilichonitoa mimi ni kibaya kwa namna nyingine, na kwanza kinachekesha.

Jumamosi iliyofuata padri alinitangulia. Kabla sijatoa tiketi akasema, "Walikuja ofisini kuniuliza unafuata nini huku kila wiki. Nikawaambia anaungama. Wakasema, muda wote ule? Nikasema ana mengi." Sauti yake haikuwa imetulia. "Kwa hiyo leo usiniletee ya mtu mwingine. Leta ya kwako. Walikufanya nini?"

"Hawakunigusa, Padri."

"Sasa?"

Nikamwambia. Mchana, walipomaliza kula, mmoja wao alinitazama sana akasema, si wewe emsii? Wewe ulisherehesha harusi ya dada yangu, tulicheka siku ile! Akaita wenzake. Hebu tuchekeshe na sisi. Nikaanza na ya mama mkwe, kwa sauti ya kutetemeka. Wakacheka. Nikatoa ya Msukuma aliyepanda lifti. Wakacheka zaidi, mmoja soda ikamtoka puani. Na pale pale, katika nyumba ile ambayo dakika tano kabla nilikuwa najiuliza watoto wangu watalelewa na nani, nikafurahi. Nikasikia ile raha ya ukumbi uliokolea. Nilikuwa natafuta macho ya yule ambaye hajacheka, kama ninavyofanya siku zote, ili nimpate na yeye.

Nikajifuta uso kwa kiganja.

"Hiyo si dhambi," Padri akasema. "Uliogopa kwa namna unayoijua. Siwezi kukuondolea, maana hakuna cha kuondoa."

"Lakini ndiyo inayoniua."

"Najua. Hiyo ndiyo ya ofisini. Aibu haiondolewi, inaongelewa mpaka ichoke. Endelea. Hujamaliza."

Alijuaje sijamaliza? Labda ndiyo waliyomfundisha huko ng'ambo.

Yule ambaye hakuwa anacheka aliuliza, "Na yule mwenzio mnene, anayelia chumba cha pili? Yule unamweza?"

Namweza. Rafiki yangu nilimweza siku nyingi, nilikuwa namwigiza hata mbele yake, anavyoongea Kiswahili chenye Kisukuma ndani, anavyoshika kiuno akiinua spika. Asubuhi ile nilikuwa nimemsikia anavyolia. Nikainuka, nikashika kiuno, nikalia kama yeye, namwita mama kwa Kisukuma. "Mayu wee! Mayu wee, msipige spika, nipigeni mimi, spika za mkopo hizo!" Wakaanguka. Waliita na wa getini aje aone. Rudia, wakasema. Nikarudia. Rudia. Kila nikirudia nilikuwa naitengeneza, napunguza hapa, narefusha pale, mpaka ikawa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Kesho yake asubuhi wakasema, nenda nyumbani, utatuua kwa kucheka. Na mmoja akaniomba namba ya simu, ana harusi ya mdogo wake.

Nikasikia padri anasogea karibu na wavu.

"Hiyo sasa ni dhambi," akasema. Akaniondolea. Maneno yale nimeyasikia tangu utoto, siku zote yalikuwa yanapita juu ya kichwa kama mvua kwenye bati, siku ile yalinilowesha. Nililia, na nikiwa nalia nikajisikiliza kama nalia vizuri. Ndivyo nilivyo, sijui nifanyeje.

"Malipizi yako," akasema, "nenda kamwambie mwenyewe."

"Padri, nipe rozari. Nipe hata mafungo."

"Rozari unazifanyia biashara. Nenda. Ukirudi uje ofisini, mchana, mlango wazi. Nimechoka kuogopa viti vyangu mwenyewe."

Rafiki yangu alipotoka hakurudi Nyasubi. Alihamia Katoro, akafungua kibanda cha kutengeneza redio na spika mbele ya nyumba yake, karibu na karasha, mahali ambapo mawe ya dhahabu yanasagwa tangu asubuhi na huwezi kusikia mtu anayeongea taratibu. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, spika imefunguliwa tumbo mbele yake. Alikuwa amepungua. Shati lile lile la kazini sasa lilikuwa linamning'inia.

"Emsii," akasema bila kuinua kichwa.

"Mkuu."

"Unatengeneza au unanunua?"

"Nimekuja kukuambia kitu."

"Sema, mdomo unao."

Nikasema. Nilikuwa nimepanga kuanza mbali, nikajikuta nimeanzia katikati, na kwa sababu ya karasha ilibidi nipige kelele. Watu wanapita barabarani na mimi naungama kwa sauti ya mnadani. Yeye aliendelea kufunga skrubu. Nilipomaliza akaiweka bisibisi chini.

"Nilisikia," akasema. "Maneno sikuyapata, kulikuwa na jenereta dirishani kwangu. Nilisikia sauti yangu inatoka chumba kingine wakati mdomo wangu umefungwa. Inalia kule, na watu wanaicheka. Emsii, nilidhani nimeshachanganyikiwa. Wiki zote zile ndicho kilichokuwa kinanitesa. Nilikuwa najishika mdomo kuhakikisha."

Nilitafuta neno la kuweka pale nikakosa, hata la kipuuzi.

"Nionyeshe," akasema.

"Nini?"

"Ulivyofanya. Wale wameiona, mimi nilisikia tu. Simama hapo ufanye."

"Siwezi, ndugu yangu."

"Kwao uliweza."

Nikasimama. Nikashika kiuno. Nikaanza vibaya, akasema hapana, fanya kama ulivyofanya, usinihurumie. Basi nikafanya. Mayu wee, yote, na spika za mkopo. Aliangalia mpaka mwisho, uso haukubadilika, kama mtu anayekagua mzigo wake uliopotea akarudishiwa. Na mimi katikati ya aibu ile nikasikia kwamba bado ninaiweza vizuri.

Nyuma yetu mtu akacheka. Mke wake alikuwa ametoka mlangoni na beseni la vyombo, ameona kipande cha mwisho.

"Shemeji, hujambo! Hujaacha tu vituko?" akasema. "Huyo unayemwigiza ni nani? Mlevi wa wapi huyo?"

Nikaangalia chini. Nilielewa pale pale kwamba hajui. Baadaye nilikuja kuambiwa mumewe alimwambia tu "walinihoji," na yeye akashukuru Mungu hawakumpiga. Nilitaka kusema ni mlevi wa Ushirombo, nilikuwa nimeshalipata hilo jina, liko tayari ulimini.

"Ni mimi," akasema rafiki yangu.

Mama akaendelea kutabasamu kidogo, akisubiri kichekesho kimalizike. Halafu akamtazama mumewe, akanitazama mimi, nikiwa bado nimeshika kiuno. Akaliweka beseni chini.

"Kivipi ni wewe?"

"Kaa," akamwambia.

Mimi nikasema basi ngoja niwapishe, niwahi gari. Mama hakugeuka hata kunitazama.

"Wewe shemeji usiondoke," akasema. "Ukiondoka utaenda kuwachekesha watu wengine. Kaa hapo usikie."

Nikakaa kwenye spika. Karasha lilikuwa linasaga na rafiki yangu alianza kusimulia kwa sauti ya kawaida, kwa hiyo mkewe alilazimika kusogea mpaka magoti yao yakagusana. Alianzia asubuhi ile walipogonga mlango. Alisema kila kitu, hata vile ambavyo mwanaume hasemi mbele ya mwanaume mwenzake, na mimi sikutia neno, sikukohoa. Na alipofika kwenye ile sauti ya chumba kingine, mahali penye mimi, hakuniruka.